Nguo Zenye Mwenyewe

Kabati langu lilivunjika Jumapili moja nikiwa natafuta soksi. Rafu ya juu iliachia ikaiangukia ya kati, ya kati ikaenda na ya chini, na kabla sijajua nishike nini nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, sare zimenifika magotini. Mwanamke yeyote wa Bariadi mwenye ndugu na majirani atanielewa. Harusi ina sare, sendofu ya kumuaga bibi harusi ina sare, kipaimara kina sare, kwaya ikitimiza miaka kadhaa ina sare, na siku hizi hata msiba wa mtu mwenye uwezo una kitenge chake. Unachanga, unashonesha, unavaa siku moja, unapigwa picha, unaitundika. Kwenye lundo lile lilikuwamo gauni la rangi ya biringanya lenye mikono mipana kiasi kwamba siku niliyolivaa nilishindwa kupita mlango wa choo.

Mume wangu, ambaye kazi yake iko Mwanhuzi na nyumbani tunamwona mwisho wa wiki, alisimama mlangoni akauliza kama kabati limeanguka au nimefungua duka. Alikuwa ananitania, na mimi nilimjibu vibaya kwa sababu mguu uliniuma. Lakini neno duka lilinikaa kichwani.

Siku zile nilikuwa nimeona kwenye simu dada mmoja wa Dar es Salaam anayeuza nguo zake mwenyewe. Anazitundika ukutani, anazipiga picha, anaandika kwamba hii nimeivaa mara mbili tu, na watu wanazigombania. Mimi nina kiduka cha kutoa kopi na kuchapa barua. Shule zikifunguliwa kinachangamka, halafu kinalala usingizi mzito mpaka muhula mwingine. Nikaona mbona nahangaika wakati hela imekaa kabatini inaliwa na mende. Wiki nzima nilifua, nikapiga pasi, nikakunja, na siku ya mnada ilipofika nikapakia mabegi mawili kwenye bajaji nikaenda nayo.

Kwenye mnada wetu ng'ombe wana upande wao na vumbi lao, na wauza mitumba wana upande wao na kelele zao. Nilipata nafasi kando ya turubai la binti mmoja aliyekuwa akiuza nguo za watoto. Namwita binti kwa sababu nimemzidi umri, lakini alikuwa mke wa mtu na alikuwa na mimba kubwa. Alinisogezea turubai lake kidogo ili na mimi nipate pa kutandika, akanifundisha kuweka nguo za rangi kali mbele, kisha akaendelea kuita wateja wake.

Wateja walikuja hata kwangu. Mama mmoja alilinyanyua gauni la biringanya, akalipima mabegani, akageuza akaangalia mshono wa ndani. Akaniuliza limetoka kwenye balo la mitumba la nchi gani.

"Siyo balo," nikamjibu. "Ni langu mwenyewe. Nimelivaa siku moja tu, limefuliwa, limepigwa pasi."

Alilirudisha taratibu, kwa ncha za vidole, akaniaga vizuri kabisa, akaenda. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Wa tatu alishika kitenge cha harusi fulani akacheka, akasema hata yeye anacho, tena kama nimepata mnunuzi nimwelekeze na kwake. Mpaka jua linaelekea kuzama nilikuwa sijauza hata leso, na nilikuwa nimekasirika hadi masikio yanawaka.

"Dada, unajiharibia kwa mdomo," binti yule aliniambia. "Kila anayekuja unamwambia ni zako."

"Si ndiyo ukweli?"

"Ndiyo ukweli. Lakini nani avae jasho la mtu anayemfahamu? Hizi zangu zimetoka kwa Wazungu. Hawajulikani, na hata wakitaka kuzifuata hawajui njia ya kufika Bariadi."

Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani. Akasema inawezekana, ila kati ya aliowaona wakiziacha nguo zangu, wawili ni wazee wa kanisa. Nilitaka kubishana, maana kubishana nakuweza, lakini nikajiuliza kama mimi mwenyewe ningevaa blauzi ya jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hata ingekuwa mpya namna gani. Nisingevaa. Sijui ningeogopa nini, ila nisingevaa.

Hapo ndipo mshangao uliponishika, na tangu siku ile haujaniachia. Sisi ndio tunaolima pamba. Inachambuliwa, inafungwa, inakwenda tusikokujua, na pengine ndiyo hiyo hiyo inayoturudia ikiwa na vifungo na lebo, imeshavaliwa na mtu ambaye hatutauona uso wake hata siku moja. Hiyo tunaivaa tunakwenda nayo kanisani bila wasiwasi. Lakini ya jirani, tunayejua anasalimia vipi na anapika nini, hiyo inatutisha. Nilizitazama zile nguo zote pale chini, uwanja mzima, nikaona kama sijawahi kuziona.

Tulipokuwa tunafunga mizigo binti yule aliniomba nimsaidie kuinua kiroba, kwa sababu ya tumbo. Nikamtania kwamba yeye ana bahati, mtoto wake atazaliwa dukani, atachagua nguo anazozitaka. Hakucheka. Aliniambia kwamba hii ni mimba yake ya tatu. Wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili alikaa majuma machache, akaanza kumfahamu mama yake kwa macho, kisha akaondoka. Alisema kwamba safari hii hajatenga hata kofia, na hataki mtu ampongeze.

"Nikiandaa nitakuwa nimetegemea," alisema. "Na mimi sasa siwezi kutegemea tena. Akifika afike, asipofika hilo nimeshalijua."

Alikuwa amebakiza kama mwezi mmoja. Alisema hivyo akiwa anakunja vifulana vidogo vya vichanga, mikono inakwenda haraka. Nilikishika kiroba upande mmoja, tukakiinua pamoja.

Mtu mwenye akili angerudisha nguo zake kabatini. Mimi nilitengeneza kabati, nikaona bado nafasi haitoshi, na Jumamosi iliyofuata nikapanda bodaboda kwenda Sapiwi kwa mama. Niliwaza kwamba kama mnunuzi haogopi nguo ya mtu asiyemjua, basi nichanganye na za mama, maana yeye haonekani mjini mara kwa mara. Na pia, niseme kweli, masanduku ya mama yalikuwa yananikera siku nyingi. Ana masanduku mawili ya bati chini ya kitanda, yamejaa vitenge na khanga na magauni ya tangu enzi za marehemu baba. Kila msimu wa pamba ukienda vizuri baba alimletea doti moja. Ukienda vibaya alimletea nusu.

Mama hakukataa. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikawa naitoa moja moja na kuinyanyua, naye anatikisa kichwa kwamba iende au ibaki. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Nyingi zilienda. Zile alizozibakiza zilinishangaza, kwa sababu hazikuwa nzuri. Katikati ya shughuli ndama walifungua mlango wa zizi, mama akatoka kuwafuata, na mimi sikutaka kumsubiri. Chini kabisa ya sanduku la pili kulikuwa na kitambaa kimekunjwa kidogo sana, kimefubaa mpaka rangi yake haisemeki, laini, kimekwisha. Nikakitupia kwenye mfuko wa matambara. Niliwaza kwamba mafundi gereji hununua matambara ya kufutia mikono.

Mama aliporudi, badala ya kuniuliza nimechukua nini, alisema atakuja na yeye mnadani. Nikamuuliza anakuja kufanya nini kwenye vumbi na jua lile.

"Nataka kuwaona wanaozichukua," alisema.

Basi siku ya mnada tulikwenda wote, yeye na kigoda chake, na michembe ya viazi vitamu kwenye mfuko kwa sababu hapendi kula vya kununua. Binti wa nguo za watoto alitusogezea tena turubai. Alimpigia mama goti la salamu kadiri tumbo lilivyomruhusu, akamwita mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu." Mama akaitika, akamtazama tumboni mara moja, akaangalia pembeni. Hakumpongeza. Sikuwa nimemwambia kitu.

Mpango wangu ulikuwa ninyamaze. Mtu akiuliza ni balo gani, nitasema balo tu. Lakini wa kwanza kufika alikuwa mwanamke wa makamo wa kutoka vijiji vya huko huko kwetu, na alipomwona mama kwenye kigoda akaanza kumsalimia kwa Kisukuma, salamu ndefu, ya nyumba na ya watoto na ya ng'ombe na ya mvua. Mama anajibu mhola, mhola, salama tu. Nikajua tumekwisha. Mwanamke akashika gauni la kijani lenye kola.

"Hili la nani, mayu?"

"Langu," mama akasema.

Nikafumba macho. Nilipofumbua, yule mwanamke alikuwa bado amelishika. Mama alikuwa anamweleza kwamba gauni lile alilivaa kipaimara cha mwanawe wa pili, kwamba mvua iliwapiga njiani wakafika kanisani wamelowa, na askofu akasubiri wakauke. Alieleza bila kupamba, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Kisha akaliomba. Akasimama, akalikung'uta hewani kwa mikono miwili mpaka likatoa mlio, akamkabidhi.

"Nimelitoa mwenyewe," alisema. "Halinidai na silidai."

Mwanamke alilipokea kwa mikono miwili, akalipa, akasema wabeja, asante. Hakupunguziwa hata kidogo na hakuomba apunguziwe.

Sijui niieleze vipi ile siku. Watu hawakugombania, wala mama hakuita mtu. Walikuja polepole, wengine walikuwa wamemwona mwanamke wa gauni la kijani wakamuuliza, wengine walimfahamu mama kwa sura au kwa sifa. Walikuwa wanashika nguo na kusubiri ielezwe. Mama anaeleza. Hii nililimia msimu ambao pamba ilikataa bei. Hii nilienda nayo Nyalikungu kumwona dada yangu alipopata mjukuu. Hii alininunulia baba yao tulipokuwa tumegombana, na nilikaa mwaka bila kuivaa ili ajue. Wanacheka, anaikung'uta, anasema yale maneno, wanalipa. Kitu kile kile kilichoniua mimi wiki iliyopita ndicho kilichokuwa kinamuuzia. Walikuwa hawaogopi nguo yenye mwenyewe. Walikuwa wanaogopa nguo ambayo mwenyewe hajaiachia, na mimi nilikuwa nimewatandikia nguo zangu bila kuziachia, nazipigia hesabu tu.

Nilimuuliza mama alijifunza wapi. Alishangaa swali. Alisema ndivyo zinavyotolewa, hata za marehemu, ndugu anasimama anasema, zinakung'utwa, ndipo zinagawiwa. Alidhani najua. Na ni kweli nimehudhuria misiba ya kwetu na kuliona jambo hilo tangu nikiwa mdogo, nikadhani wanaondoa vumbi.

"Zako nazo," akasema. "Simama."

Nilisimama. Nilijisikia mjinga mbele ya watu, mwanamke mzima mwenye mashine ya kopi, nimeshika gauni la biringanya. Nikasema hili nililivaa sendofu moja, mikono yake ilinizuia kuingia chooni, na chakula kiliisha kabla sijafikiwa. Walicheka sana. Nilipolikung'uta nilihisi kabisa linaondoka mkononi, na msichana mmoja wa kwaya akalinunua, akasema yeye ni mwembamba atapita mlangoni. Nikaendelea na nyingine. Zilivyokuwa zinaondoka ndivyo nilivyokuwa naona siku zangu mwenyewe zinapita mbele yangu, siku nilizodhani si lolote, za kula pilau na kusimama kwenye foleni ya zawadi. Nilishindwa kuelewa jinsi nilivyokuwa nazo nyingi.

Binti wa nguo za watoto aliacha kuita wateja. Tangu mchana alikuwa amekaa kwenye ndoo yake aliyoigeuza, anasikiliza. Wateja wake wakija anawahudumia haraka kisha anarudi kusikiliza.

Jioni watu walipopungua alikuja kutusaidia kukunja zilizobaki. Akashika mfuko wa matambara, akauliza tunautupa au tunaubeba. Kabla sijajibu alikuwa ameingiza mkono akatoa kile kitambaa kilichofubaa. Alikinyoosha. Kilikuwa kirefu kuliko nilivyodhani, na pembe zake mbili zilikuwa zimekonda kwa kufungwa fundo pale pale miaka na miaka.

"Mayu," alisema, "hii si mbeleko?"

Mama alikuwa anakula michembe. Alikiweka chini kipande alichoshika. Akanitazama mimi, si binti.

"Umeitoa wapi?"

"Sandukuni. Chini kabisa. Nilidhani tambara."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alinyoosha mkono kuiomba, lakini binti hakuitoa. Alikuwa ameishika kifuani na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ulizaa wangapi, mayu?"

"Saba."

"Na wote uliwabeba kwa hii?"

"Wote."

Binti alianza kufungua fundo la pembe ya khanga anamofungia hela. Nilielewa anachotaka, na mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Mbeleko iliyobeba watoto saba kwa mama mmoja wakakua ni kitu ambacho wanawake wengine wangetembea kutoka Maswa kuja kukiomba. Huyu aliyesema hawezi tena kutegemea alikuwa anatoa mauzo yake ya kutwa nzima na kuyaweka juu ya turubai, noti zilizokunjamana na sarafu pamoja, bila kuangalia ni ngapi. Akamtazama mama.

"Wote wazima?"

Sisi tuko sita. Nimekua nikijua kwamba kabla yangu alikuwapo mtoto mwingine, na nimejua tu hivyo, kwamba alikuwapo. Nyumbani hakutajwa. Nilimwangalia mama na moyoni nikamwomba aseme ndiyo. Neno moja tu. Mimi ningelisema bila kupepesa, nikaenda nyumbani nikalala. Sikuwaza hela, naapa. Niliwaza ule uso uliokuwa mbele yetu.

"Wazima ni sita," mama alisema. "Mmoja alifia humo."

Binti aliiachia mbeleko kama imemchoma. Ikaangukia juu ya hela zake.

Mama aliendelea, kwa sauti ile ile aliyoelezea magauni. Alikuwa wa tatu, wa kiume, na alishikwa na homa wakati wa kupalilia. Enzi zile bodaboda hazikuwapo. Alimfunga mgongoni akaanza kutembea kwenda hospitali, peke yake, kwa sababu baba alikuwa amepeleka ng'ombe malishoni mbali. Alisema alijua mtoto amekwenda kabla hajamshusha, kwa sababu alizidi kuwa mzito. Hakusimama. Alitembea mpaka hospitali na akamkabidhi kwa muuguzi, kwa sababu kama angemfungua njiani ingekuwa ni yeye ndiye aliyesema kwamba imekwisha.

Upande wa ng'ombe walikuwa wanapakia lori, wanapiga kelele. Mimi nilikuwa nimekaa chini. Nina umri wa miaka zaidi ya arobaini na sikuwahi kuisikia habari ile.

Binti hakuondoka. Aliuliza jambo ambalo mimi nisingelifikiria kuuliza.

"Ulifanya nini nayo?"

"Walisema azikwe nayo. Nikakataa. Walisema ichomwe, nikaificha. Niliifua, nikaiweka."

"Na waliofuata?"

"Akafuata huyu," mama alisema, akaninyooshea mkono. "Huyu sikumbeba mgongoni. Nilimbeba mikononi tu, miezi mingi, nikashindwa kazi zote. Watu walinicheka. Pamba ikapasuka, baba yao yuko peke yake shambani, mikono inatakiwa. Nikaitoa sandukuni, nikamfunga. Nikawa navuna hatua chache, nasimama, nasikiliza kama anahema. Navuna, nasimama. Yeye mwenyewe amelala anakoroma kama baba yake."

"Uliogopa, mayu?"

"Naogopa mpaka leo. Akichelewa kupiga simu naogopa. Lakini nilimfunga. Na baada yake nikawafunga watatu."

Binti akanigeukia. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila haraka, jinsi alivyowaona wateja wakitazama nguo siku ile nzima. Aliyatazama mashavu yangu, mikono, miguu yenye vumbi, tumbo langu ambalo nami nalisikitikia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote. Nilitamani kumwambia kwamba nina presha na nina mdomo mbaya, lakini nilijiacha nitazamwe.

"Huyu," alisema.

"Huyu," mama akajibu.

Binti aliinama, akaiokota mbeleko. "Basi niuzie hii hii."

Mama alitaka kwanza kukataa, nikaona. Aliishika pembe iliyokonda, akaifikicha kidogo kwa kidole gumba, akainusa. Kisha akachukua sarafu moja kutoka kwenye zile hela na nyingine akazirudisha, akasema bure hatampa, cha bure hubaki cha mwenyewe. Akasimama. Akaikung'uta polepole, haikutoa mlio, ilikuwa imechakaa mno. Maneno aliyasema kwa Kisukuma, na hakusema kwamba haidai. Alisema tu kwamba ameitoa kwa mkono wake.

Kisha akamwambia binti ageuke. Akaipitisha mgongoni kwake, tupu, akaizungusha juu ya lile tumbo kwa uangalifu na kuifunga juu ya matiti. Akalirekebisha fundo. Akamwekea kiganja mgongoni, chini ya bega la kushoto.

"Kichwa kitakaa hapa," alisema. "Usimbane sana. Na ukitaka kusimama usikilize, simama. Wacha wakucheke."

Binti alipeleka mkono nyuma akapagusa pale mahali. Alianza kupakia viroba vyake ikiwa bado mgongoni, na kila baada ya kiroba kimoja alisimama kidogo, ameinamisha kichwa, kisha anaendelea. Mimi nilitakiwa nikaite bajaji, lakini sikuweza kunyanyuka. Nilikuwa namtazama mama yangu anavyokula michembe, mwanamke mfupi kwenye kigoda, na nikawa najiuliza alisimama mara ngapi shambani siku ile, na mimi nimelala.